Pangaboi za nyumbani au madege ya Ghuba: hewa ikichafuka, mhudumu yuko salama wapi?

Mtoto wa dada yangu ana barua mbili za ajira. Moja ni ya shirika la hapa nyumbani lenye ndege za pangaboi, zile ndogo zenye propela, kituo chake Dar es Salaam. Ya pili imetoka Ghuba: madege makubwa, nyumba ya kampuni, mshahara usiokatwa kodi. Usiku mmoja akanipigia. "Shikamoo mama mdogo. Nisaini ipi?"

Nilijiandaa kuzungumza pesa. Kumbe pesa ameshazipigia hesabu mwenyewe, hadi nauli ya kuja Tanga kumwona mama yake. Alichotaka kujua ni kingine. Ameona video za ndege iliyotikiswa vibaya, chakula kimenata darini, mhudumu amelala sakafuni anashika mguu. "Wapi watu huvunjika zaidi?"

Nimefanya kazi pande zote mbili, miaka 4 kwenye pangaboi na 7 kwenye ndege kubwa, na hilo swali sijawahi kuulizwa na mtu anayeanza kazi. Wote huuliza mshahara na rangi ya mdomo inayoruhusiwa. Nilichomjibu kwenye simu kilikuwa vipande vipande, huku nikikaanga samaki. Hapa nimekipanga vizuri zaidi, maana najua wapo wengine wenye barua mbili mkononi.

Kwanza ieleweke nani huumia. Abiria aliyefunga mkanda, msukosuko wa hewa kwake ni hofu, tumbo kupanda na dua. Anayevunjika ni aliyesimama, na kazi yetu ni ya kusimama. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilihesabu waliojeruhiwa vibaya na misukosuko katika mashirika ya nchi hiyo kuanzia 2009 hadi 2022 ikapata watu 163. Abiria walikuwa 34. Waliobaki, 129, walikuwa watu wa kazi ndani ya ndege. Sasa kumbuka kwamba kwenye ndege ya abiria 150, wahudumu huwa wanne tu au watano. Ndiyo maana swali la mtoto wa dada yangu si la uoga.

Mambo mepesi niyaweke kwenye jedwali yapite haraka.

| | Pangaboi za nyumbani | Madege ya Ghuba |
|---|---|---|
| Ndege zenyewe | ATR 72, Dash 8 Q400 | Boeing 777, Airbus A380 |
| Zinaruka wapi | mwisho futi 25,000 hivi | futi 35,000 na kuendelea |
| Wahudumu | 2 | 12 na zaidi |
| Safari kwa siku | 4, pengine zaidi | 1 |
| Muda wa safari | dakika 20 hadi saa 2 | saa 5 hadi 16 zile ndefu |
| Cha kusukuma | kikapu au nusu troli | troli nzima, ikijaa hukaribia kilo 100 |

Mwaka 2016 Air Tanzania ilipopata Q400 mbili, watu mitandaoni walizicheka wakiziita pangaboi, jina la feni ya darini, na jina likaganda. Mimi silichukii. Lakini kicheko kile kiliwafanya wengi waamini kwamba ndege yenye panga ni ya hatari na ile ya jeti ni salama, na hapo ndipo ulinganisho unapoharibika hata kabla haujaanza.

Msukosuko unaouona na usiouona

Ndege ndogo hutikisika zaidi. Hili halina ubishi, na sababu yake ni ya kawaida kabisa. ATR 72 ikijaa ina tani 23 na mabawa ya mita za mraba 61, yaani kila mita ya mraba inabeba kama kilo 375. Boeing 777-300ER hupaa na tani 351, na kila mita ya mraba ya bawa lake hubeba karibu kilo 800. Upepo uleule ukizipiga zote mbili, ile nyepesi hurushwa kama ngalawa na ile nzito hupita kama meli ya mizigo. Ongeza kwamba pangaboi inaishi huko chini ambako mawingu yanaishi. Asubuhi safari ya Dar kwenda Kilimanjaro ni laini kama hariri; saa 9 alasiri ardhi ikishapata moto, mawingu yamesimama kama minara, na karibu na mlima upepo unamwagika upande wa pili kama maji yanayovuka jiwe. Ziwa Victoria lina tabia yake tofauti: radi zake hupenda usiku na alfajiri, kwa hiyo anayekwenda Mwanza, Bukoba, Entebbe au Kisumu kwa ndege ya kwanza asidhani kwamba asubuhi daima ni shwari. Masika na vuli usiniulize.

Lakini sikiliza. Msukosuko mwingi wa huko chini una uso. Wingu unaliona. Rada ya ndege nayo inaliona, kwa sababu rada husoma matone ya maji. Rubani anakwambia kabla hamjaondoka: "Leo baada ya dakika 20 tutachezeshwa, huduma malizeni mapema au msianze." Katika miaka yangu 4 ya pangaboi niligonga magoti, nilimwagikiwa na juisi, niliwahi kukaa ghafla mapajani mwa mzee mmoja wa Kichaga aliyecheka mpaka tukatua. Mfupa sikuvunja. Wenzangu niliokuwa nao zamu hawakuvunja pia, ingawa magoti na vifundo vya miguu vilituuma sote, na mmoja aliacha kazi kwa ajili ya mgongo.

Huko juu ni kwingine. Futi 37,000 kuna msukosuko wa anga tupu: hakuna wingu wala tone la maji, rada haioni kitu, jua linawaka na abiria anapiga picha. Unatokea pembezoni mwa mikondo ya upepo mkali inayozunguka dunia, na njia za Ghuba kwenda Amerika huikata mikondo hiyo kila siku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha mwaka 2023 kwamba kwenye sehemu ya kawaida ya anga la Atlantiki Kaskazini, saa za msukosuko mkali wa aina hii kwa mwaka zilitoka 17.7 mwaka 1979 zikafika 27.4 mwaka 2020. Hilo ni ongezeko la asilimia 55, na wanalihusisha na joto la dunia.

Upande wa tropiki kuna mtego mwingine. Mawingu ya radi karibu na ikweta hupanda kupita futi 50,000, hakuna ndege ya abiria inayoweza kuyaruka juu. Yanazungukwa tu, na yale yanayochipuka chini ya njia yako hukufikia tumboni kabla hujayajua.

Tarehe 21 Mei 2024, Boeing 777-300ER ya Singapore Airlines, safari SQ321 kutoka London, ilikuwa juu ya Myanmar wakati wa kifungua kinywa. Wachunguzi wa Singapore walisoma kinasa data. Sekunde chache baada ya rubani kusikika akisema taa ya mkanda imewashwa, nguvu inayomkandamiza mtu kitini ilitoka +1.35 g ikawa −1.5 g ndani ya sekunde 0.6 (1 g ni uzito wako wa kawaida ukisimama ardhini). Kwa lugha ya jikoni: sakafu ilimkimbia mtu miguuni, dari ikamfuata kichwani. Sekunde 4 baadaye ikawa +1.5 g, na kila kilichokuwa hewani, binadamu na vyombo, kikabwagwa chini. Ndege yenyewe ilishuka futi 178 tu. Ilikuwa na abiria 211 na watumishi 18. Abiria mmoja Mwingereza wa miaka 73 alifariki na wengi waliumia. Sekunde 0.6 haitoshi hata kusema "mama wee".

Siku 5 baadaye, Boeing 787 ya Qatar Airways kutoka Doha kwenda Dublin ilipatwa juu ya Uturuki. Waliotajwa kuumia walikuwa 12: abiria 6, wahudumu 6. Nusu kwa nusu, kwenye ndege ambayo wahudumu ni wachache kama chumvi kwenye mchuzi.

Kwa kipengele hiki, basi, mimi nasema hivi. Pangaboi itakuchubua mara nyingi. Dege la Ghuba litakubembeleza miaka 5 halafu siku moja likurushe. Ukiniuliza mwili wangu, vigongano vidogo vya nyumbani ndivyo vilivyonichosha, lakini kilichoniogopesha kilikuwa cha kule juu.

Saa ya hatari ni ipi?

Hapa nyumbani panaanza kupoteza alama, na sikulitambua hili nikiwa kazini.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa mwaka 2021 uchunguzi wake wa ajali za misukosuko za miaka 10. Iliona kwamba wahudumu wengi huumia ndege ikiwa inashuka, chini ya futi 20,000, tena wengi wakiwa sehemu ya nyuma. Ndiyo ile nusu saa ya kukusanya vikombe, kufunga jiko, kuamsha waliolala, kukagua mikanda ya watu huku wako mwenyewe unaning'inia kwenye kiti chako cha kukunja, tupu.

Sasa fikiria ndege ya Dar kwenda Dodoma au Nairobi kwenda Kisumu. Inapanda, inanyooka kidogo, inashuka. Pangaboi nyingine haifiki hata hizo futi 20,000. Maana yake muda wote wa huduma yako ni ile saa ambayo Wamarekani wanakwambia ukae chini, na unairudia mara 4 au 6 kwa siku. Wahudumu 2, abiria 70, dakika 20 au 25 za anga iliyonyooka. Anayepanga ratiba ofisini anataka kila mtu apate maji, korosho na tabasamu. Kukimbia kunaingia hapo, na mtu anayekimbia kwenye njia ya katikati ya ndege inayoshuka hana mkono wa kujishikia.

Safari ya saa 7 inakupa nafasi. Huduma ya kwanza inakwisha, taa zinazimwa, wenzako wanakwenda kulala kwenye vitanda vya wafanyakazi. (Na huko kitandani fungeni mkanda juu ya blanketi. Niliona dada mmoja ametoka na uvimbe kwenye paji la uso kama limau kwa sababu ya uvivu huo.) Lakini safari hiyohiyo ina huduma ya pili saa moja na nusu kabla ya kutua, na humo tunakimbizana kama nyumbani, tena na troli nzito.

Korean Air walilitazama hili mwaka 2024 wakafanya jambo ambalo nililipenda: kwenye safari za kati na ndefu huduma inafungwa dakika 40 kabla ya kutua badala ya 20. Mwezi Agosti mwaka huo wakaondoa pia tambi za kikombe kwa abiria wa daraja la kawaida safari ndefu, sababu maji ya moto na msukosuko havipatani. Abiria walilalamika. Tambi zile zilikuwa maarufu. Mimi niliyewahi kubeba birika la maji ya moto juu ya vichwa vya watu sikuwahurumia.

Dakika 40 kwenye safari ya saa 12 unazipata. Kwenye safari ya dakika 50 maana yake ni kutohudumia kabisa, na kwa kweli hilo ndilo ningelitaka siku za mawingu. Dar hadi Zanzibar ni dakika 20 na hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa juisi.

Troli

Siielezi sana. Troli iliyojaa inayokaribia kilo 100 ikipanda hewani haina jina lingine, ni jiwe. Ikikaa kati ya wahudumu wawili inafunga njia, na kiti chako cha kukunja kiko mlangoni, upande wa pili wa troli. Kwenye pangaboi kikapu unakitupa sakafuni unakaa. Hapa nyumbani panashinda bila mjadala.

Ila nikumbushe lile tunalofundishwa darasani na kulisahau kazini. Ikipigwa ghafla, usikimbilie kiti chako. Bonyeza breki ya troli, cha moto weka chini au ndani ya troli, kisha kaa pale ulipo: kiti chochote kilicho wazi, na kama hakuna, sakafuni, ukijibana na kushika vyuma vya viti. Abiria mwambie akushike. Abiria hushika, tena kwa nguvu. Usiondoke kwenda kumsaidia aliyeanguka mpaka rubani aseme, kwa sababu mhudumu aliyevunjika hawezi kumsaidia mtu, na mlango wa dharura wa upande wake umebaki bila mtu.

Taa ya mkanda ni ya nani?

Sasa tumefika kwenye lenyewe. Hayo ya juu, uzito wa ndege na mikondo ya upepo, huwezi kuyabadilisha kwa kusaini barua moja au nyingine. Hili unaweza kulichagua.

Kuna mashirika ya namna mbili duniani, na mgawanyiko huo haufuati ukubwa wa ndege.

La kwanza linasema: taa ya mkanda ikiwaka, wote tunakaa. Singapore Airlines walihamia huko baada ya SQ321. Kabla yake taa ikiwaka walisimamisha vinywaji vya moto tu. Mei 2024 walitangaza kwamba chakula pia kinasimama, na wahudumu wanarudi vitini na kufunga mikanda.

La pili linasema: taa ni ya abiria. Mhudumu anaendelea, kwa uangalifu, mpaka rubani atangaze kwamba wahudumu nao wakae. Msukosuko hafifu, endelea bila vya moto. Wa wastani, simamisha, funga troli. Mkali, kaa popote sasa hivi. Kwenye karatasi ni mfumo wa busara, na marubani wengi wanaupenda kwa sababu ambayo siidharau: chini ya ule wa kwanza, rubani mwoga anaweza kuiacha taa inawaka saa 2, abiria wakaizoea kama taa ya msikitini, wakaanza kwenda msalani kwa zamu, na hakuna mhudumu wa kuwazuia. Mzee anayehitaji dawa, mtoto anayetapika, nani anakwenda? Kwa mfumo wa kwanza, huenda hakuna.

Nimefanya kazi chini ya mfumo wa pili pande zote mbili, nyumbani na Ghuba. Tofauti niliyoiona ni umbali wa mdomo na sikio. Kwenye pangaboi nilimjua kapteni, mkewe na timu yake ya mpira. Chumba chao kiko hatua chache kutoka kwangu. Nikihisi kiatu kinateleza nanyanyua simu: "Kapteni, huku nyuma si pazuri," naye anasema kaeni, basi. Sekunde 5. Mara nyingine nilikaa kwanza nikamwambia baadaye, na sikugombezwa.

Kwenye dege la zaidi ya mita 70, nahodha nilimwona mara moja asubuhi kwenye kikao kabla ya safari. Kati yangu na yeye kuna msimamizi wa daraja, juu yake pasa, yaani mkuu wa wahudumu wote, juu yake mlango uliofungwa. Tena mbele, alipokaa yeye, ndege inatikisika kidogo kuliko mkiani. Anasema hafifu, na kweli kwake ni hafifu. Sisi nyuma tunacheza ngoma. Usiku mmoja juu ya Ghuba ya Bengal taa ilikuwa inawaka robo saa nzima na tulikuwa tunaendelea kugawa chakula kwa sababu tangazo la wahudumu halijatoka. Mwenzangu, binti wa Nakuru, alikuwa anafunga oveni. Tulirushwa mara moja tu. Alitua na mguu mmoja uliopinda, kifundo kikavunjika sehemu mbili. Tangazo la kukaa lilikuja akiwa tayari sakafuni. Kwenye fomu ya ripoti palikuwa na kisanduku cha kujaza: je, mhudumu alikuwa amejishikilia?

Sikumlaumu kapteni wakati ule na simlaumu leo. Lakini tangu siku ile nasema mfumo wa kwanza ni bora kwa mhudumu, hasa mgeni kazini, kwa sababu unamtoa kwenye majadiliano. Msichana wa miaka 23, wiki ya 3 kazini, hawezi kumwambia pasa wa miaka 20 ya kazi "mimi naona tukae." Taa ikimsemea, anakaa bila kumkosea mtu adabu. Hasara za mfumo huo zinarekebishika: rubani afundishwe kuizima taa mapema hewa inapotulia, asiigeuze pambo.

Ukishavunjika

Abiria aliyeumia safari ya kimataifa ana Mkataba wa Montreal wa 1999 wa kumdai msafirishaji. Wewe si abiria. Wewe ni mfanyakazi aliyeumia kazini, na njia yako ni sheria ya kazi ya mahali ulipoajiriwa. Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya 2008. Kenya kuna sheria ya mafao ya majeraha kazini ya 2007, na kuna chama cha wafanyakazi wa anga kinachoweza kupiga kelele kwa niaba yako. Mzunguko ni mrefu, makaratasi ni mengi, lakini mlango wa kubisha unaujua na mjomba wako anaweza kukusindikiza.

Ghuba matibabu mara nyingi ni mazuri na ya haraka, hilo niseme kwa haki. Lakini Qatar na Falme za Kiarabu mfanyakazi mgeni hana chama cha wafanyakazi, na viza yako, nyumba yako na ajira yako ni uzi mmoja. Soma mkataba: ukikaa chini miezi 4 unauguza mguu, posho ya kuruka, ambayo ni sehemu kubwa ya mshahara wenyewe, inaendelea au inakatika? Ukishindwa kurudi angani, kuna kazi ya ardhini? Haya yaulize kabla, kwa maandishi. Binti wa Nakuru alilipwa mshahara wa msingi tu.

Ningechagua wapi

Kama pande zote mbili zinatumia mfumo wa pili, ningemwambia mwanangu aanze nyumbani. Si kwa sababu pangaboi ni salama zaidi. Nimeshasema inachubua na saa zake zote ni saa za kushuka. Ni kwa sababu nyumbani atajifunza kusema "tukae" kwa sauti, kwa kapteni anayemsikia, na ulimi huo akienda nao Ghuba baada ya miaka 2 utamlinda kuliko kiatu chochote. Wapo waliokwenda moja kwa moja Ghuba wakiwa hawana ulimi huo, na wakachelewa kuupata.

Kama la Ghuba lina mfumo wa kwanza na la nyumbani halina, aende Ghuba. Hapo sibabaiki. Kanuni inayomkalisha mtu kabla hajafikiri ina nguvu kuliko ujirani na kapteni, kwa sababu siku moja kapteni atakuwa mwingine.

Na kama ni kinyume chake, asaini ya nyumbani asubuhi hiyohiyo.

Nilimpa maswali matatu ya kuwauliza wote wawili. Taa ya mkanda ikiwaka, mhudumu anakaa au anaendelea? Huduma inafungwa dakika ngapi kabla ya kutua, na je, siku ya hewa mbaya mkuu wa wahudumu anaweza kuifuta bila kuomba ruhusa chini? Aliyeumia kazini analipwa nini mwezi wa pili?

Dada yangu, mama yake, alikuwa anasikiliza pembeni. Yeye ana jibu lake tangu mwanzo na halihusiani na hewa: mtoto asiende mbali. Nikamwambia dada, subiri.

Shirika moja limeshajibu. Swali la kwanza wameandika sentensi moja inayoeleweka, la pili wameweka dakika, la tatu wamemwelekeza ukurasa wa mkataba. Shirika la pili wamemwandikia kwamba usalama ni kipaumbele chao namba moja na kwamba maelezo zaidi atayapata mafunzoni. Akanitumia majibu yote mawili kwa WhatsApp bila neno lolote, na chini yake picha ya kalamu.